Wanawake Walioishika Kamera

Mwaka 1955, katika mji wa Seoul, nchini Korea, nchi iliyokuwa imetoka vitani miaka miwili tu kabla yake, bibi mmoja jina lake Park Nam-ok alimfunga mtoto wake mchanga mgongoni, akatoka kwenda kuongoza filamu iliyomhusu mjane wa vita. Fedha alikopeshwa na dada yake, na kwa kuwa hazikutosha kuajiri mpishi, aliwapikia mafundi na waigizaji wake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akarudi kazini. Filamu ile ilikaa katika jumba la sinema siku chache, ikaondolewa, na aliyeitengeneza hakupata kuongoza nyingine, ijapokuwa Mungu alimjalia umri mrefu hata akafariki mwaka 2017. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza wa Korea kuongoza filamu, na kisa chake nakitaja hapa si kwa sababu ya ugeni wake, bali kwa sababu ya tarehe.

Maana mwaka ule ule wa 1955, huku kwetu Kibugu, Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya ambako mashamba hukoma na msitu huanza, wanawake nao walikuwa na watoto migongoni, walakini kazi waliyoamrishwa ilikuwa nyingine kabisa. Hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ilikuwa bado na nguvu. Tangu katikati ya 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walikuwa wameondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika vilimani, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa kwa bunduki. Na kwa kuwa wanaume aghalabu walikuwa kizuizini, au msituni, au katika kikosi cha walinzi, kazi ya kulazimishwa ikawa juu ya wake zao na mama zao. Wao ndio waliochimba matuta mashambani, na wao ndio waliochimba handaki refu kandokando ya msitu, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko ndani wasifikiwe na chakula. Jioni zilipoingia, magari ya sinema ya serikali yalizunguka katika vijiji hivyo yakionyesha picha za kilimo bora na usafi wa nyumba, na picha za kuwalaani Mau Mau, na watu wakaketi chini kuzitazama, kwa kupenda au kwa kutopenda.

Na huko London, Januari ya mwaka huo huo, ilitolewa filamu iliyoitwa Simba, ambayo sehemu zake zilipigwa humu Kenya, ikiieleza vita hiyo kwa jicho la mlowezi na shamba lake. Hivyo mwanamke wa milimani alikuwa amekwisha kuwa picha, tena picha ya mtu mwingine, kabla hajaambiwa kamera ni chombo cha namna gani. Sikusudii kupima dhiki ya Seoul na dhiki ya Embu katika mizani moja, kwani dhiki hazina ratili. Nataka tu msomaji ajue tulianzia wapi, ili masafa yaliyokwendwa na wanawake nitakaowataja yapate kuonekana kwa insafu.

Mchezo huo wa kuwapiga watu picha ili wafundishwe kwa picha zao wenyewe haukuanza na vita. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, walifanya jaribio kubwa la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za wakfu wa Carnegie wa Marekani. Wakatengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba katika posta, wakazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na za jirani. Baadaye, tangu 1939, likaja shirika la filamu za makoloni lililoanzishwa kwa ajili ya vita kuu, likaendelea na shauri hilo hilo hadi 1955. Katika majina ya wale waliosimamia kazi hizo, mwaka baada ya mwaka, hutamkuta mwanamke wa Kiafrika. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1963, ikaanza kutumika sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, inayomtaka kila mwenye kutaka kupiga filamu apate kwanza ruhusa, na kila mwenye kutaka kuionyesha apate ruhusa ya pili. Na sheria hiyo, kama zilivyo sheria nyingi zilizotangulia bendera, ilirithiwa pamoja na viti na meza za ofisi. Tutakutana nayo tena mbele.

Lililofungua mlango lilikuwa jambo dogo ambalo halikusifiwa sana wakati wake, nalo ni shule. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, iliyoanza mwaka 1961 kwa kuwafunza mafundi wa redio, ilipata baadaye idara ya kufundisha filamu, kwa msaada wa wakfu wa Friedrich Ebert wa Ujerumani. Na kwa kuwa ilikuwa shule ya serikali, iliyopokea wanafunzi kwa vyeti wala si kwa ukoo, wasichana wakaingia. Miongoni mwa waliotangulia alikuwamo Jane Murago-Munene. Na aliyekuja kujulikana zaidi ni Anne Mungai, aliyepata mafunzo mle, kisha akawa mwalimu mle mle. Mtu aweza kudhani kwamba mwalimu wa serikali, mwenye mshahara wake na likizo yake, hana sababu ya kujitwisha mzigo wa filamu ndefu. Anne Mungai aliutwaa, na mwaka 1992 akatoa Saikati.

Kisa cha Saikati ni chepesi kukisimulia. Binti wa Kimaasai, katika nchi ya Mara, ana akili ya darasani na anataka kuwa daktari. Aila yake imekwisha kumposesha kwa mwana wa chifu. Anatoroka na binamu yake Monica hadi Nairobi, naye Monica, aliyemsifia jiji kwa kila sifa, kumbe anaishi kwa kuuza mwili wake kwa watalii, na yule msichana anajikuta amekimbia mtego mmoja na kuingia katika mwingine. Wako waliosema kwamba mandhari ya Mara, na picha zile za twiga na nyika, zinampendeza mgeni kuliko mwenyeji, na mimi sikatai kwamba mahali pengine filamu hiyo yafanana na tangazo la mbuga. Lakini watu hao wasahau jambo moja: katika filamu zote zilizopigwa Mara na wageni tangu enzi za ukoloni, msichana wa Kimaasai alikuwa kama mti au mnyama, kitu cha kupamba nyuma ya mzungu anayezungumza. Hapa ndiye anayezungumza, na wazungu ndio wapitao njia. Filamu ndefu ya kwanza ya Mkenya, Kolormask ya Sao Gamba, ilikuwa imetoka mwaka 1986. Kutoka hiyo hadi Saikati ni miaka sita, jambo lisilo baya hata kidogo ukikumbuka kwamba tangu Vugiri hadi Kolormask ilikuwa imepita nusu karne.

Mwaka huo wa 1992 ulikuwa na kheri na shari pamoja. Mwisho wa Februari, kina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa siasa waliketi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakakataa kula. Na Machi 3 polisi walipowajia kwa rungu na moshi wa kutoa machozi, baadhi yao walivua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo hakuna mtu wa milima hii asiyeijua maana yake. Mmoja wa kina mama hao alikuwa Monica Wangu wa Wamwere, na miaka mingi baadaye Jane Murago-Munene alikuja kumtengenezea filamu ya maisha yake, ili kisa kile kisibaki mikononi mwa wapiga picha wa magazeti peke yao. Tena mwaka 1992 huo huo, ng'ambo ya mpaka, Flora M'mbugu-Schelling wa Tanzania alitoa filamu juu ya wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam; filamu ya dakika 45 ambayo takriban haina maneno, na mtazamaji hukaa akiisikiliza sauti ya nyundo na mawe hata bega lake likaanza kumwuma. Nikiulizwa filamu ipi ya Afrika Mashariki ningependa ionyeshwe kwa wale waliochimba matuta ya serikali, ningeitaja hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Lakini iliyo karibu zaidi na mlango wa mtu wa Kibugu ni ya Wanjiru Kinyanjui. Bibi huyu alikwenda kusomea filamu katika chuo cha Berlin, Ujerumani, akaishi huko miaka kadhaa, na mwaka 1995 akatoa filamu juu ya vita vya mti mtakatifu. Mumbi, mke aliyechoshwa na mume mwenye kumpiga, anatoka Nairobi, anarudi kijijini kwa baba yake, na huko anawakuta wanawake wa kanisa wamefanya shauri la kuukata mugumo wa kale, kwa kuwa wanauona ni kao la ushenzi. Mwanamke aliyeachana na mumewe na mti unaoabudiwa na wazee wanakuwa, mbele ya macho ya wanawake wale wema, aibu mbili za kijiji kimoja, na Mumbi anajikuta akiutetea mti kwa kuwa anajitetea nafsi yake. Hadithi imesimuliwa kwa mzaha, na mzaha wenyewe hauwaachi wazee wala waumini.

Msomaji wa Embu hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Kigari, ambako wamisionari wa Kianglikana waliweka kituo mwaka 1910, si mbali na Kibugu. Migumo tunayo na makanisa tunayo, na zipo nyumba ambazo babu alitoa sadaka ya mbuzi chini ya mti na mjukuu wake ni mzee wa kanisa, wote wawili watu waadilifu. Wageni wengi waliokuja kupiga picha katika nchi hizi walituonyesha ama mti ama msalaba. Kinyanjui alionyesha kwamba ugomvi wa mti na msalaba hupita ndani ya nyumba moja, na aghalabu hupita jikoni, na gharama yake hulipwa na mwanamke. Kwa maoni yangu, hakuna mwanamume aliyekwisha kuliona jambo hilo kabla yake katika filamu za nchi hii.

Sasa nataka nisimame kidogo katika suala la fedha, kwa kuwa ndilo suala ambalo watazamaji hawaliulizi. Shule iliyomlea Mungai ilisaidiwa na Wajerumani. Kinyanjui alifunzwa Berlin. Na Hawa Essuman alipoongoza Soul Boy, filamu ya mwaka 2010 iliyopigwa Kibera kwa mswada wa Billy Kahora, mlezi wa kazi ile alikuwa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na shirika lake. Filamu ikapendwa na watazamaji hata huko Rotterdam. Silaumu hisani ya Mjerumani, maana mwenye kiu hamwulizi mtu jina la kisima. Nashangaa tu kwamba nchi iliyokuwa na fedha za kuchapisha picha ya rais kwa kila duka haikuona fedha za kuwalipia mabinti zake filamu moja kwa mwaka. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005, miaka 13 baada ya Saikati.

Judy Kibinge ndiye aliyejaribu kulitafutia dawa tatizo hilo kwa mikono yake. Alikuwa na cheo kizuri katika kampuni ya matangazo jijini Nairobi, akakiacha, na mwaka 2002 akatoa Dangerous Affair, hadithi ya mapenzi ya watu wa mjini wenye magari na kazi za ofisini, ambayo iliwashangaza watu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haikuwa na njaa, wala vita, wala simba. Mwaka 2013 akaongoza Something Necessary, juu ya mama aliyenusurika katika fujo zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, aliyempoteza mume, akaazimia kuijenga upya nyumba yake ile ile iliyochomwa. Ndiye pia aliyeanzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za kweli wa Afrika Mashariki, ambao nao ulipata msaada wa wakfu wa Ford. Lakini safari hii, wenye kuchagua ni hadithi ipi ipewe fedha walikuwa Nairobi.

Kando ya hao wote ilikuwapo biashara nyingine, ya filamu za mtaa wa River Road, Nairobi, iliyotoa vichekesho na hadithi za nyumbani kwa lugha za milimani, kwanza katika kanda na baadaye katika sidii, zikauzwa vituo vya matatu na kuonyeshwa katika hoteli za chai hata katika masoko madogo ya Embu na Meru. Wasomi waliidharau. Ingawa hivyo, ndiyo iliyowafikia watu wetu kwa wingi, na ndiyo iliyotufundisha kwamba Mkenya yu tayari kutoa fedha zake ili ajione.

Wanuri Kahiu ametembea njia zote hizo kwa mpigo. From a Whisper, ya 2008, aliijenga juu ya shambulio la Agosti 7, 1998 katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, akaonyesha jeraha la waliobaki kuliko moto wa siku yenyewe, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya mwongozaji bora katika tuzo za sinema za Afrika. Pumzi, ya 2009, ni filamu fupi ya dakika zipatazo 20, juu ya dunia isiyo na maji, ambamo msichana Asha anaotesha mche kwa jasho lake. Rafiki, ya 2018, ilitokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, aliyeshinda tuzo ya Caine mwaka 2007, nayo ni hadithi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja, mabinti wa wagombea wawili wa uchaguzi mmoja, waliopendana. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Na kabla haijafika huko, Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku nyumbani.

Hapo ndipo ile sheria ya 1963 ilipotoka kabatini. Kahiu alikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akaliondoa katazo kwa siku saba, kwa watu wazima tu, na kwa siku hizo chache majumba ya sinema ya Nairobi yakajaa hata watu wakarudishwa mlangoni. Muda ukaisha, katazo likarudi, na Aprili 2020 mahakama hiyo hiyo, kwa jaji mwingine, ikalithibitisha. Wako wasomaji wangu, najua, ambao wameikataa hadithi ile kwa dini yao au kwa mila yao, na siwalazimishi kuipenda. Lakini ni haki ya mtu mzima kuikataa filamu akiisha kuiona, na ni fedheha kwa nchi kwamba mgeni wa Cannes aliiona kazi ya binti yetu kabla yetu. Samantha Mugatsia, mmoja wa waigizaji wake wawili wakuu, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Ouagadougou mwaka 2019.

Tangu hapo mlango haukufungika. Maia Lekow, pamoja na mumewe Christopher King, alitoa mwaka 2019 The Letter, juu ya bibi wa miaka zaidi ya 90 wa Kilifi aliyeshutumiwa uchawi na watu wa aila yake mwenyewe, na Kenya ikaipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar. Toni Kamau akawa mtayarishaji wa Softie, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2020. Na mwaka 2023, katika tamasha la Amsterdam, ikaonyeshwa kazi ya Zippy Kimundu na mwenzake Meena Nanji, inayomfuata Wanjugu, binti wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika kuyatafuta mabaki ya baba yake aliyenyongwa na Waingereza Februari 1957, na katika kuwatetea wazee wa Mau Mau ambao hata leo hawana ardhi. Mama yake, Mukami Kimathi, alifariki Mei ya mwaka huo huo wa 2023. Hatimaye vita ile ile ambayo London iliisimulia kwa jicho la mlowezi ikasimuliwa na mwanamke wa Kenya, na mkongwe aliyekuwa kizuizini akaulizwa mwenyewe yaliyompata.

Turudi Korea mara moja tu. Wakorea kwa miaka mingi walikuwa na sheria inayoyalazimisha majumba ya sinema kuonyesha filamu za nyumbani kwa idadi fulani ya siku kila mwaka, na serikali yao ikaweka chuo cha filamu. Hata hivyo, mwaka 2001, Jeong Jae-eun alipotoa filamu yake juu ya wasichana watano wa mji wa Incheon na paka wao, watu hawakuingia, na ikaondolewa upesi. Lililofuata ni jambo ambalo halikuamriwa na sheria yoyote: watu wa Incheon wenyewe walidai irudishwe, ikarudishwa, wakaenda kuitazama.

Ombi langu kwa hiyo nalielekeza pande mbili. Kwa serikali za kaunti za Embu na Meru nasema hivi: filamu hizi zina wenyewe, na wenyewe wana bei, nunueni haki ya kuzionyesha, mzionyeshe katika kumbi za kijamii na za shule, toka Kibugu hadi Maua, na muwalipe watengenezaji kama mnavyomlipa mkandarasi wa barabara. Na kwa msomaji nasema: zikija, usingoje kualikwa wala usiombe bure. Toa kiingilio.